Hisa Yangu Katika Ng'ombe wa Wajane

Pesa zangu za kiinua mgongo nilizitia katika ng'ombe wa watu wengine, na sijawahi kujuta.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na sisi wakunga wa vituo vya afya tukaambiwa kwamba anayetaka kuondoka mapema ataondoka na kitu mkononi. Nilikuwa nimezalisha wanawake kwa miaka ishirini na mitatu, mingi ya miaka hiyo katika kituo kidogo upande wa chini wa Runyenjes, na mgongo wangu ulikuwa umeanza kunikumbusha kila mmoja wao. Nikatia sahihi. Nilirudi nyumbani na mkoba wangu, sufuria mbili nilizokuwa nikichemshia vyombo, na jina la "Sista" ambalo watu hawakukubali kunivua.

Mwezi ule wa kwanza kila mtu alikuwa na mpango wa pesa zangu. Shemeji yangu alitaka tununue gari la matatu. Wenzangu wa kanisani walisema duka la vitambaa. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyependa vishindo, alitaka ploti mjini Embu.

"Ploti haiumwi, haiharibiki, wala haikimbii," aliniambia.

"Wala haizai," nikamjibu, "mpaka ujenge juu yake. Na ya kujengea hatuna."

Hatukugombana. Tuliacha jambo hilo likae, kama unavyoacha maziwa yagande yenyewe.

Sasa, tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na hatukujua kama alikuwa ameshika mimba au la. Mwalimu alisikia kwamba pale kwenye chama cha ushirika, mahali tulipokuwa tukipeleka maziwa, kulikuwa na msichana aliyesomea mambo ya mifugo. Alikuwa na cheti cha miaka miwili, lakini alipomaliza masomo alikuta serikali imeacha kuajiri, kwa hiyo sasa kazi yake ilikuwa kupokea makopo ya maziwa asubuhi na kuyapima uzito. Mwalimu akamwomba aje Jumamosi.

Alikuja kwa miguu. Alikuwa mwembamba, umri wake kama miaka ishirini na minne, amevaa sketi ndefu na viatu vya raba. Aliomba maji ya moto na sabuni, akafunga mfuko wa plastiki mkononi hadi karibu na bega kwa sababu glavu zenyewe hakuwa nazo, akamwingiza ng'ombe mkono taratibu. Mimi nilikuwa nimeshika kamba upande wa kichwa. Nilimtazama usoni.

Hakuwa anamwangalia ng'ombe. Macho yake yalikuwa yameelekea mbali, kwenye migomba, na mdomo umefunguka kidogo. Niliujua uso ule. Ndio uso ninaokuwa nao mimi mkono wangu ukiwa ndani ya tumbo la mama, wakati vidole ndivyo vinavyoona na macho hayana kazi. Nilikuwa nimewafundisha wakunga vijana wengi, na wengine hawakuupata uso ule hata baada ya miaka mitano.

"Miezi mitatu na siku chache," alisema. "Yuko salama. Lakini msimpe tena yule fahali wa jirani. Ng'ombe wawili waliopandwa naye wametupa mimba mwaka huu."

"Umejuaje?"

"Wenye ng'ombe hao wameacha kuleta maziwa. Niliwauliza kwa nini."

Nilimkaribisha chai. Tulipokuwa tukinywa nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, angefanya nini kama angekuwa na vifaa vyake mwenyewe. Nilidhani ataniambia angefungua duka la dawa pale Runyenjes, kando ya lami, kama wote waliosoma. Hakusema hivyo.

"Ningeshuka chini," alisema. "Karurumo, mpaka karibu na Ishiara. Huku juu watu wana fahali wao, na wakikosa wana pesa za kumleta daktari kutoka Embu. Kule chini mama ana ng'ombe mmoja. Akiingia joto, anamfunga kamba na kutembea naye saa mbili hadi kwa mwenye fahali. Kama hana pesa, analima kahawa ya huyo mzee siku nzima. Na bado ng'ombe anaweza kurudi na ugonjwa."

Hayo niliyajua. Nilikuwa nimewazalisha wanawake hao hao. Wengi walikuwa wajane, au waume zao walikuwa wameenda kutafuta kazi Thika wakapotelea huko. Zamani gari la serikali lilikuwa likipita barabarani siku fulani za wiki, limebeba mbegu ya fahali iliyogandishwa, na watu walikuwa wakingoja na ng'ombe wao kwenye vizuizi vya miti kando ya barabara. Kisha gari likaanza kukosa Ijumaa, halafu Jumatano, mwishowe halikuja kabisa. Vizuizi vile vikawa kuni.

Yule binti aliniambia vifaa vinavyohitajika: pikipiki, mtungi wa naitrojeni, yaani ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, ya kuweka mbegu zisioze, mirija ya mbegu yenyewe, na kile chuma kirefu cha kuziweka mahali pake. Alivitaja vyote bila karatasi, na bei zake. Nikaelewa kwamba alikuwa amelala na orodha hiyo kichwani kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye nilimwambia mwalimu nimeamua.

Alivua miwani. "Unataka kumkopesha?"

"Hapana. Mkopo unataka kurudi hata kama ng'ombe amekataa kushika. Nataka kuingia naye. Akipata, napata. Akikosa, nakosa."

"Na akiolewa huko Nairobi na mtungi wako?"

"Basi nitakuwa nimepoteza mtungi," nilisema. "Ploti pia huuzwa kwa watu wawili kwa mpigo mmoja. Tumeona."

Alicheka, akavaa miwani yake tena, na kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni akatuandikia makubaliano. Theluthi moja ya biashara iwe yangu, theluthi mbili zake, kwa kuwa mikono ni yake. Tulitia masharti mawili. La kwanza, siku mbili kila wiki ni za chini, Karurumo na kuendelea, na siku hizo hazibadilishwi hata tajiri akiita. La pili lilitoka kwa binti mwenyewe: mtu asiye na uwezo atalipa nusu ya bei siku ya kazi, na nusu nyingine atalipa ng'ombe akiwa amepimwa na kuonekana ana mimba. Mwalimu aliuliza kama kuna biashara nyingine yoyote duniani inayofanywa hivyo. Binti akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, mtu hawezi kulipia ndama ambaye hayupo."

Tulikwenda Meru kununua vitu. Dada yangu alikuwa akiishi Kinoru, na tulikaa kwake siku nne. Mtungi tulipata uliotumika, wa kijivu, mzito kama mtoto wa miaka sita, kifuniko chake kikitoa moshi mweupe kila ukifunguliwa. Pikipiki ilikuwa ya mkono wa pili kutoka kwa fundi wa pale pale mjini. Wakati huo pikipiki zilikuwa za mapadre na maofisa wa kilimo, na mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kitu cha kusimamisha soko. Binti alijifunza kuendesha kwenye uwanja ulio wazi karibu na stediamu. Siku ya kwanza alianguka mara tatu. Siku ya pili dada yangu, aliyekuwa mkali kuliko mimi, alimvua ile sketi na kumpa suruali ya mtoto wake wa kiume.

"Utaendeshaje na kitambaa kinataka kuingia kwenye gurudumu?" alimfokea. "Heshima iko kichwani, haiko miguuni."

Suruali hiyo ilizua maneno mengi kanisani kuliko mtungi. Mama mmoja aliniambia baada ya ibada kwamba nimemharibu mtoto wa wenyewe. Nilimwambia kwamba ng'ombe wake akiingia joto, amwite yeyote anayemtaka. Alimwita binti baada ya miezi minne.

Mwanzoni kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya wanaume. Pale Karurumo kulikuwa na duka ambalo nje yake wanaume walikaa wakitafuna muguka, ile miraa ya majani, tangu saa tatu, na binti alipopita na pikipiki walimwita "mke wa fahali". Mmoja alikataa kabisa ng'ombe wake aguswe, akisema mwanamke akimpandisha ng'ombe atazaa majike tu. Binti alimwambia, "Mzee, hiyo ndiyo ninayoomba kila siku. Unataka dume wa kazi gani?" Wenzake wakamcheka yeye badala ya kumcheka binti, na kuanzia hapo duka lile likawa kituo chetu. Mama akiona dalili za joto asubuhi, anatuma neno dukani, na daktari anapopita anaambiwa. Ndiyo, walimwita daktari. Cheti hakikusema hivyo, lakini hakuna aliyemwomba cheti.

Mteja wa kwanza kule chini alikuwa bibi mjane aliyekaa peke yake na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe fupi. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mfupi, sauti yake nene kama ya mwanamume. Sisi wote tulimwita cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwa Kiembu. Nilikwenda na binti siku hiyo, nimekaa nyuma ya pikipiki nikiwa nimekumbatia mtungi. Cucu alitazama binti akipasha mrija kwenye maji ya uvuguvugu, akatazama chuma kirefu, akatutazama sisi.

"Na fahali yuko wapi?"

"Yuko humu," binti akasema, akimwonyesha mrija mwembamba kama unyasi.

"Huyu angalau hatakula migomba yangu," alisema cucu, akashika kamba.

Kwa miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Nilianza kuamka nikiwa na furaha isiyo na sababu. Jioni binti alikuwa akipitia nyumbani, anakula chakula na sisi, anatueleza alikokwenda. Mwalimu, ambaye hakuwa amejali ng'ombe maishani mwake, alianza kuuliza kama yule wa kule bondeni ameshika, na yule wa karibu na mto je.

Kisha jioni moja binti alikuja, akakaa, hakula.

Nilidhani ni mgonjwa. Nilimwekea mkono kwenye paji la uso. Akautoa mkono wangu polepole.

"Sista, ng'ombe wanarudi," alisema.

Ng'ombe ambaye hakushika huingia joto tena baada ya wiki tatu. Mmoja akirudi ni kawaida, hata wawili. Binti alisema wamerudi sita ndani ya siku nne, wote wa kule chini, wote waliohudumiwa wiki moja. Nilimuuliza kuna nini.

Aliniambia kwamba alikuwa ameanguka. Kwenye ule mteremko wa changarawe kabla ya Karurumo, pikipiki iliteleza na mtungi ukabingirika, kifuniko kikatoka. Alikitafuta kwenye vichaka mpaka akakipata, akakirudisha. Hakuumia sana. Lakini naitrojeni nyingi ilikuwa imemwagika, na iliyobaki ikaendelea kupotea, na kufika siku aliyokwenda Meru kujaza tena mtungi ulikuwa karibu mkavu. Alijaza. Mbegu zilikuwa bado zimo ndani. Alijiambia labda hazikupata joto. Akazitumia kwa ng'ombe kumi na mmoja.

"Kwa nini hukuniambia ulianguka?"

"Niliogopa utasema suruali na pikipiki siviwezi." Alikuwa anatazama mikono yake. "Mirija ile ilikuwa pesa zako. Sikutaka kuitupa."

Nilikasirika. Sitasema uongo. Nilitoka nje nikasimama kwenye zizi. Nilichokasirikia si pesa. Ni kwamba alikuwa na mikono ile, na uso ule, na bado alikuwa amemwingizia ng'ombe wa mjane kitu ambacho yeye mwenyewe alikishuku. Katika ukunga tulikuwa na kanuni moja juu ya kanuni zote: chombo unachokishuku hakigusi mtu. Lakini nikiwa pale nje nilikumbuka pia kwamba katika mwaka wangu wa pili kazini nilipoteza hesabu ya vitambaa vya kufyonza damu baada ya kuzalisha, nisijue kama kimoja kimebaki tumboni, na nikakaa kimya saa tatu nikimwomba Mungu, mpaka msimamizi wangu akaniuliza. Mama yule alipona. Msimamizi hakunifukuza. Alinirudisha wodini na kuniambia nimwambie mama mwenyewe kilichotokea.

Nikarudi ndani.

"Kesho tunashuka," nilimwambia. "Nyumba zote kumi na moja. Wewe utasema, mimi nitasimama karibu nawe."

"Wataacha kuniita."

"Baadhi yao, ndiyo."

"Wengine hawajajua bado. Ng'ombe watano hawajarudi."

"Watarudi. Wataingia joto na mwenyewe hajui, na mwezi utapita, na mwezi ni maziwa. Tunakwenda kabla."

Mwalimu alikuwa amekaa muda huo wote akisahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini, akasema kwamba zile pesa alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati ya jikoni tuzichukue tukanunue mirija mipya, kwa kuwa jiko limevuja miaka saba na linaweza kuvuja wa nane. Huyo ndiye mtu aliyetaka ploti.

Tulianza mapema. Nyumba ya kwanza tulimkuta mwanamume, na binti alipomaliza kusema alitufukuza. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba ni utapeli, na kwamba angewaambia watu sokoni, na aliwaambia kweli. Binti alitaka turudi nyumbani. Nilimwambia zimebaki kumi.

Nyumba ya pili mama alisikiliza, akaendelea kupepeta mtama. Tulisimama hapo mpaka tukaona aibu. Tulipogeuka kuondoka akasema, bila kuinua kichwa, "Atakuwa tayari wiki ijayo. Njooni asubuhi, mchana naenda mtoni." Nyumba ya tatu walitupa uji. Ya nne walitaka kurudishiwa nusu yao, nasi tukawarudishia. Binti alikuwa anasema maneno yale yale kila mahali, na kila mara yalimtoka kwa urahisi zaidi: nilianguka, mbegu iliharibika, nilishuku lakini nikaitumia, ni kosa langu, nitarudia bila malipo. Hakumlaumu mteremko wala pikipiki. Nilianza kujivunia, hasira ikiwa bado imo.

Kwa cucu tulifika mchana jua likiwa kali. Ng'ombe wake alikuwa mmoja wa wale sita waliorudi. Mara ya kwanza, miezi ile ya mwanzo, alishika mimba lakini akaitupa, ugonjwa wa zamani ulikuwa bado damuni, na binti alikuwa amemtibu kwanza ndipo amrudie. Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya pili cucu anakosa ndama. Binti aliongea huku amepiga magoti chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwingine.

Cucu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, "Sista, mmetoka Runyenjes kuja kuniambia hili tu?"

"Ndiyo, cucu."

"Fahali wa yule mzee alimpanda huyu mara tatu bila kitu. Nililima kahawa yake siku tatu. Hakuna aliyekuja hapa kuniambia hata pole." Alimgeukia binti. "Inuka, utachafua suruali. Rudia."

Kati ya wale kumi na mmoja, wawili hawakuturudia tena. Wengine wote waliturudia, na waliturudia na majirani zao. Sijui jinsi ya kueleza mambo haya kwa watu wa benki. Yule mwanamume aliyetutangaza sokoni kwamba ni matapeli alitutangazia pia, bila kujua, kwamba kuna watu wanaokwenda nyumba kwa nyumba kukiri kosa lao, na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi hapo walikuja kuuliza hao watu wanapatikana wapi. Mwaka ulipoisha binti alikuwa na wateja wengi kule chini kuliko alioweza kuwafikia kwa siku mbili.

Hapo ndipo alipokuja yule mzee mwenye fahali. Alikuwa mtu mkubwa wa kahawa, shamba lake likianzia lami na kushuka mpaka mtoni, na alikuja nyumbani kwetu kwa gari, amevaa koti, akakaa kitako barabara. Hakunipotezea wakati. Alisema ameona kazi yetu, ni nzuri, anataka kuinunua hisa yangu kwa mara mbili ya nilichoweka. Angeleta pikipiki ya pili, hata gari dogo. Alikuwa na rafiki zake wenye ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, thelathini, arobaini kila mmoja, na wote walihitaji mtu wa kuaminika.

"Na siku za chini?" niliuliza.

"Sista, wewe ni mtu wa hesabu. Mtu anakwenda kilomita kumi na tano kwa ng'ombe mmoja, na analipwa nusu. Hiyo si biashara, hiyo ni kanisa."

Nilimwambia kanisa langu ninalijua, na si hili. Nilimweleza kwamba ng'ombe wa chini ndio waliotupa jina, na jina ndilo lililomleta yeye sebuleni kwangu amevaa koti. Matajiri wangemwita daktari leo na kesho wakamwacha kwa mwingine aliyesoma zaidi. Mama mwenye ng'ombe mmoja hamwachi mtu aliyempa ndama. Na wale wanaolipa nusu, nikamwambia, walikuwa wakiimaliza ile nusu nyingine bila kukumbushwa, karibu wote, kwa sababu siku ya kulipa ndiyo siku waliyoambiwa ng'ombe ana mimba, na hakuna siku mtu hutoa pesa kwa moyo mweupe kuliko hiyo.

Alisikiliza. Lazima nimpe haki yake, hakukasirika. Alimaliza chai, akasema, "Basi mwambie apitie kwangu Alhamisi. Fahali wangu amezeeka." Binti alipitia. Alimtoza bei kamili.

Sisi ni watu wa milimani, hatusifiani sana. Lakini nilipomwona cucu siku ya sherehe ya kuvuna, amekuja Runyenjes na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wake mwekundu, na kumwambia kila aliyesimama kwamba ndama wake wa kike anaitwa Naitro, nilihisi kitu ambacho miaka ishirini na mitatu ya mshahara haikuwa imenipa. Mshahara nilikuwa naupata mama akijifungua au asijifungue. Hapa nilikuwa nimeweka kitu changu mwenyewe juu ya meza ya mtu mwingine.

Mwaka wa tatu binti alikuja Jumapili moja mchana, na hakuja peke yake. Alikuwa na msichana mwingine, mweusi, mrefu, mwenye haya, kutoka kule Mbeere kabisa, chini zaidi ya Ishiara. Naye alikuwa na cheti bila kazi. Kwa miezi sita alikuwa akimsaidia binti, na sasa aliweza kufanya kila kitu peke yake.

"Sista," binti alianza, na nikajua ni jambo zito kwa sababu alikuwa amekaa pembeni ya kiti. "Nataka kununua nusu ya hisa yako."

Nilidhani ananitoa.

"Si yangu," akaendelea haraka. "Ni ya huyu. Nitailipa mimi kidogo kidogo, na itakuwa kwa jina lake. Kwao ng'ombe ni wengi, lakini ni wa kienyeji, hata lita mbili hawatoi. Nikimwajiri ataondoka siku atakayopata kazi ya serikali. Akiwa na sehemu, hataondoka. Wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo."

Sikukumbuka kumfundisha kitu kama hicho. Nilikuwa nimeingia naye kwa sababu nilipenda alivyoshika ng'ombe, na nikataka theluthi kwa sababu nusu ilionekana nyingi. Lakini nilimtazama yule msichana mrefu. Nilimuuliza kama anajua kuendesha pikipiki. Alisema ndiyo, ameanguka mara mbili.

"Na ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia daktari siku hiyo hiyo," alisema, akimtazama binti, na binti akatazama dirishani.

Niliuza nusu. Mwalimu alisema nimeuza kwa bei ya chini, na ni kweli, ningeweza kupata zaidi. Pesa zile nikazitia kwa mwanamume mmoja wa Mitunguu aliyekuwa akiotesha miche safi ya migomba kwa ajili ya wakulima wadogo wanaomwagilia kwa mfereji. Huyo hakufika popote. Alikuwa mtu mwema na shamba lake lilikuwa zuri, lakini hakuwahi kwenda mwenyewe kuona miche yake inavyofanya ikishapandwa na wengine, na nilikosa kumuuliza hilo kabla ya kutoa pesa. Nilipoteza karibu zote. Baada ya hapo nilimtafuta mama mmoja wa upande wa Siakago aliyekuwa akiwatengenezea wanawake mizinga ya nyuki isiyohitaji kupanda mti. Nilimfuata siku tatu akizunguka kwa wateja wake, nikamwona akifungua kila mzinga kwa mikono yake na kuuliza nyuki wamekula nini. Jioni ya siku ya tatu nilimwambia niko tayari, nikamuuliza anataka tuanze na mizinga mingapi.